Mwalimu, Usianze na Intaneti

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana wa Gulu, hapa Uganda, aliniandikia akiuliza aanzeje ujifunzaji mseto, yaani kuchanganya masomo ya darasani na yale ya simu au kompyuta, katika shule ambayo maabara yake ya kompyuta hufunguliwa wageni wanapokuja. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi nilianza vibaya kuliko yeye.

Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, nilifungua kundi la WhatsApp la somo la Kiswahili kwa wanafunzi wangu 64 wa kidato cha tatu. Waliojiunga walikuwa 11, na karibu simu zote zilikuwa za baba zao, ambao hurudi jioni chaji ikiwa imekwisha. Binti mmoja alikuwa akinijibu saa tano usiku, baba akishalala, kwa ujumbe uliokatika katikati ya sentensi. Nami, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza kitu kipya, niliendelea kununua bando kwa mshahara wangu na kutuma video za dakika 20 ambazo hakuna aliyezifungua. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, mkuu wangu aliniuliza mbele ya wenzangu kama sasa nitafundisha kwa kutuma njiwa. Kicheko kile bado nakisikia.

Kilichoniokoa ni kadi ya memori. Nilirekodi masomo ya ngeli kwa sauti, dakika saba saba, nikamwachia kijana anayechaji simu kwa sola pale senta, na kila mzazi aliyekuja kuchaji akaondoka na somo. Majibu yalirudi kwa bodaboda kila Ijumaa, yameandikwa kwenye karatasi za daftari, mengine yakinuka moshi wa jikoni. Wiki ya nne nilisahihisha karatasi 41, na mkuu yuleyule akaja kuomba kadi kwa ajili ya mwanawe.

Tangu shule zote zifunguliwe Januari 2022 sijaiacha njia hiyo: sauti husikilizwa nyumbani, na kipindi cha darasani nakitumia kwa mazungumzo na kazi za vikundi, ambazo mtaala mpya wa sekondari unazidai. Msitegemee unafuu wa bei. Sheria ya mwaka 2021 iliweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data na kusamehe matumizi ya elimu, lakini bando analonunua mzazi kibandani halijui kama atatazama somo au mpira.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla ya kuomba kompyuta, ingia darasani na daftari uandike mbele ya kila jina simu ya nyumbani ni ya nani, hurudi saa ngapi, na huchajiwa wapi. Ningefanya hivyo mwaka 2020, yule binti asingesubiri baba alale.