Baridi yabisi vidoleni, na mswaki je?

Tukizungumzia baridi yabisi tunataja magoti, viwiko na vidole. Kinywa hakitajwi, na kliniki ya viungo mara nyingi hawakiulizii. Mimi naishi na ugonjwa huu, na ushauri wangu wa kwanza kwa mgonjwa mwenzangu ni huu: usijilazimishe kuuzoea mswaki unaokuumiza, ubadilishe mswaki.

Mipini ya dukani ni myembamba, na kitu chembamba ndicho kinachotesa vidole vilivyovimba kwa sababu kinataka kubanwa. Nilikwenda kwa fundi baiskeli nikanunua ule mpira wa kushikia usukani, nikauvika kwenye mpini na kushindilia kitambaa ndani usicheze. Sasa naushika kwa kiganja kizima. Hicho kitambaa ukibadilishe mara kwa mara, kinatunza unyevu. Mswaki wa umeme ni bora zaidi, mpini wake mnene na kazi unaifanya wenyewe, ila bei yake si ya kila mfuko, na mingine ni mizito. Ushike kwanza ndipo ulipe. Tyubu ya dawa nailaza kando ya sinki naikandamiza kwa kiganja. Bibi yangu alitumia mswaki wa mti mpaka uzeeni na meno yake yalikuwa mazima, nauheshimu sana, lakini ule unataka vidole vya kubana na taya za kutafuna.

Halafu saa. Nani alisema lazima upige mswaki saa kumi na mbili asubuhi, vidole vikiwa vimekakamaa? Kunywa chai, viungo vilegee, kisha piga mswaki kwa utulivu dakika mbili, kwa brashi laini na dawa yenye floridi. Wa usiku ndio usioruhusiwa kuukosa. Kama usiku umechoka sana, piga mapema baada ya chakula cha jioni, kisha usile tena.

Fizi zikitoa damu, watu huacha kuzigusa. Hapo ndipo ukoga unapojikusanya, unakuwa mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi kuutoa tena. Sharti ukwanguliwe na mtaalamu. Sisi wenye baridi yabisi hupata ugonjwa wa fizi zaidi ya watu wengine, na si kwa sababu ya mikono peke yake. Yuko bakteria wa kwenye fizi, Porphyromonas gingivalis, mwenye kimeng'enya kinachobadilisha protini za mwili, na watafiti wanadhani hilo huenda likachangia kinga ya mwili kuanza kuushambulia mwili wenyewe, ndiyo baridi yabisi. Kusafisha fizi hakuponyi viungo, ila sioni sababu ya kubeba moto wa pili mdomoni.

Wengine hukaukwa mate, kwa ugonjwa wenyewe au kwa dawa. Mate ndiyo yanayolinda meno, kwa hiyo maji yawe karibu, funda dogo dogo, na soda uiache. Ukipata vidonda mdomoni na unatumia methotreksati, ile dawa ya baridi yabisi ya mara moja kwa wiki, mwambie daktari. Mara nyingi vidonge vya foliki husaidia. Usiiache dawa kimyakimya.

Kwa daktari wa meno, omba miadi ya saa nne au tano, si alfajiri, na iwe mifupi. Mweleze kama shingo inauma, asikulaze kichwa nyuma kupita kiasi, na kama kiungo cha taya kinachoka, mkubaliane ishara ya mkono ili ufunge mdomo upumzike. Mpelekee dawa zako zote, na pakiti zake. Zinazopunguza kinga huongeza hatari ya maambukizi, na baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa, kama alendroneti, zinaweza kuzuia taya kupona vizuri. Hayo ayajue kabla hajashika koleo la kung'olea.