Je, Mganga wa Tiba Asili Aitwe Daktari?

SWALI: Msomaji wetu wa Muheza, mkoani Tanga, anaandika: "Mjomba wangu anatibu kwa mitishamba tangu sijazaliwa, na amesajiliwa kihalali. Mwaka huu amesimamisha kibao kipya kando ya barabara, na mbele ya jina lake pameandikwa 'Dkt.' Mimi ndiye ninayemwandikia matangazo. Nilipoandika 'mganga' alinuna, akasema hilo ni neno la kumtukana. Je, Kiswahili sanifu kinaruhusu aitwe daktari? Na kama hakiruhusu, nimwiteje bila kumvunjia heshima?"

JIBU: Hakiruhusu, dada yangu. Lakini mjomba wako hakununa bure, na jibu la neno moja halitamtendea haki.

Neno daktari tumelipata kwa Waingereza, likaja pamoja na hospitali zao. Chimbuko lake la mbali ni Kilatini, na huko lilimtaja mwalimu, mtu anayefundisha. Ndiyo maana hadi leo linawabeba watu wa aina mbili ambao kazi zao hazifanani hata kidogo: yule anayetibu hospitalini na yule aliyehitimu shahada ya uzamivu, hata kama uzamivu wenyewe ni wa historia au wa sarufi. Kinachowaunganisha hawa wawili si dawa, bali ni shule: wote wamepita katika chuo, wakafanya mitihani, wakatunukiwa shahada na chombo kinachoweza kuulizwa. Kwa hiyo neno daktari halitaji tendo la kuponya. Linataja njia aliyopita mtu hadi akafika alipo. Muuguzi anaokoa maisha kila siku na haitwi daktari. Mkunga vivyo hivyo, na hakuna anayedhani kwamba amedharauliwa.

Katika utumishi wa afya Tanzania mpangilio huu umekazwa zaidi, kwa kuwa kila ngazi ina jina lake: yupo tabibu msaidizi, yupo tabibu, yupo daktari, yupo daktari bingwa. Hata mtu aliyesomea tiba chuoni kwa ngazi ya stashahada, akavaa koti jeupe na kuandika dawa, ni tabibu, wala kibaoni haandiki "Dkt." Ikiwa huyo hajiiti daktari, sioni mlango ambao mjomba wako angeingilia.

Sasa tulitazame neno alilolikataa. Mganga limezaliwa na kitenzi kuganga, na kitenzi hiki ni cha Kibantu halisi, kwani ndugu zake wamesambaa hadi pwani ya Atlantiki, ambako Wakongo wana nganga wao. Katika Kiswahili cha zamani kuganga hakukuhusu mwili wa binadamu peke yake. Mpini uliopasuka uligangwa kwa kuzungushiwa kamba. Mlingoti uliovunjika uligangwa. Mfupa uligangwa kwa vijiti na kitambaa. Maana ya msingi ni kukiunga kilichoachana ili kifanye kazi tena, na maana hiyo bado tunayo vinywani kila tunaposema mtu anafanya kibarua cha kuganga njaa, au tunapowapatanisha waliogombana kwa kuwaambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mganga, basi, ni mtu anayeunga. Sijui neno la Kiswahili linaloisifu kazi ya tiba kwa uzuri kuliko hili.

Wala si neno la vijijini tu. Daktari mwenye wadhifa wa juu kabisa katika wizara ya afya ya Tanzania anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Mkoani yuko Mganga Mkuu wa Mkoa, wilayani yuko Mganga Mkuu wa Wilaya, na anayesimamia hospitali au kituo cha afya ni mganga mfawidhi. Hawa ni watu wa vyuo vikuu, na wanasaini barua kwa jina hilo bila kuona haya. Nilipokuwa mtoto, mama akisema "Mpelekeni kwa mganga," ilitubidi tuulize yupi: wa zahanati, mwenye sindano zilizokuwa zikichemshwa katika kisufuria cha bati, au mzee wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa akitwanga magome chini ya mwembe. Mama alijibu kwa kuutazama ugonjwa. Jina lilikuwa moja na heshima ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika kile kilichomsibu mgonjwa. Ndugu zetu wa Kongo wanaendelea hivyo hadi leo, kwani huko munganga ni daktari wa hospitali, na hakuna anayeshtuka.

Kilichomfanya mjomba wako alihisi neno hili kuwa tusi kina historia, na si historia ya lugha peke yake. Waingereza walipomkuta mganga walimtafsiri kwa jina linalomaanisha "daktari wa wachawi", na sheria ya uchawi waliyoitunga Tanganyika mwaka 1928 ikawaweka mganga na mchawi katika kivuli kimoja, ilhali kwa Mswahili hao ni mahasimu: mmoja huharibu, mwingine huganga. Baada yao tukaja sisi wenyewe. Mpiga ramli aliitwa mganga, tapeli anayebandika karatasi kwenye nguzo za umeme akiahidi utajiri wa siku tatu aliitwa mganga, na mwaka 2015 serikali ilipowapiga marufuku waganga wapiga ramli, kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, jina lililosikika redioni lilikuwa hilohilo. Mzee anayejua mizizi ya kutuliza tumbo la mtoto amebebeshwa aibu ya watu ambao hajawahi kukaa nao meza moja. Namwelewa anaponuna.

Lakini "Dkt." haitamwondolea aibu hiyo, na inamtwisha mzigo mwingine. Mama mwenye mtoto anayechemka homa akikisoma kifupisho hicho barabarani anaelewa kwamba ndani mna mtu wa kupima damu, wa kutambua malaria kali, wa kumpa rufaa usiku huohuo. Hajakosea kusoma, ndivyo maandishi yanavyosema. Neno likimpeleka mgonjwa mahali ambapo si alipodhani anakwenda, kosa hilo haliko tena katika sarufi. Hapo, nakiri, siwezi kuwa mpole hata kwa mjomba mwema.

Wako wanaopendekeza tabibu. Neno hili lina asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na tiba, kutibu na matibabu, na lina sauti ya staha, hata washairi wamelipenda kwa karne nyingi. Katika maandishi ya kawaida "tabibu wa tiba asili" si kosa. Tahadhari ni moja: usiliache neno hilo peke yake kibaoni, kwa kuwa tabibu, kama nilivyoonyesha, ni jina la kada iliyosomea, na msomaji atarudi kwenye kosa lilelile kwa mlango wa nyuma.

Kwa mtu aliyesajiliwa kama mjomba wako, jina lililo wazi kuliko yote ni mganga wa tiba asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ndiyo iliyoanzisha baraza linalosajili watu wa kazi yake, na katika lugha ya usajili huo wanaitwa waganga. Maneno "wa tiba asili" yanamtenga na mpiga ramli upande mmoja na mganga mfawidhi upande wa pili. Epuka "mganga wa kienyeji", kwa sababu kienyeji kimeshachukua harufu ya kitu duni. Tiba mbadala ni jambo jingine: anayetibu kwa sindano za Kichina au kwa homeopathi, tiba ya Kizungu ya dawa zilizozimuliwa mno, hatumii elimu ya wazee wa hapa, na sikio linakataa kumwita mganga, huyo aitwe mtaalamu wa tiba hiyo anayoitoa, na itajwe kwa jina. Kama ana shahada ya uzamivu, ataandika "Dkt." kwa haki yake, mradi aseme ni uzamivu wa nini, kwa maana wa mimea si wa magonjwa. (Na iwe "Dkt.", si "Dk.", ambayo wengi huisoma dakika.)

Kuhusu kumwita ana kwa ana, Kiswahili hakijawahi kuwa maskini. Watu wa pwani humwita mganga wa pepo fundi. Mwaka 2011, maelfu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, aliyewapa, Ambilikile Masapila, alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, na nchi nzima ilimwita Babu. Hakuna aliyemwita daktari wala aliyeona kwamba amepunjwa.

Tangazo lako, basi, ningeliandika hivi: "Mzee" na jina lake kwa herufi kubwa, chini yake "Mganga wa Tiba Asili", chini zaidi nambari yake ya usajili, isomeke kutoka barabarani. Hiyo nambari ndiyo ambayo tapeli wa nguzo za umeme hana. Mwonyeshe mjomba kabla ya kupaka rangi, na akiuliza mganga gani mwingine anaandika hivyo, mwambie yuko mmoja wizarani, na cheo chake ni Mganga Mkuu wa Serikali.