Muda wa wahadhiri kushirikiana: uombeni kabla ratiba haijatoka

Mkuu, umeuliza wahadhiri wapate wapi muda wa kushirikiana wakati wiki imejaa vipindi na vikao. Mkisubiri nafasi ijitokeze mtasubiri sana. Ombeni muda wa saa moja na nusu kila wiki mbili kabla ratiba ya muhula haijapangwa, ikae humo kama kipindi.

Sisi tulianza watatu tu, kila mmoja akasahihisha nakala za karatasi zilezile 5. Insha moja mwenzangu aliipa 14 kati ya 20, mimi 8! Tulibishana mpaka chai ikapoa, tukaishia kuandika upya mwongozo wa kusahihisha.

Matangazo ya idara yaende kwa barua pepe, yasile muda huo. Na usipohesabiwa kwenye mzigo wa kazi wa wahadhiri, msimu wa mitihani utaumeza.