Mnaoniuliza kuhusu ile filamu ya wakwe wa Kifaransa

Jumbe zenu nimezisoma zote. Mmeitazama Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu?, mmecheka hadi machozi, kisha mkaniuliza kwa pamoja: wazungu wataniana hadharani na mwisho wapatana, mbona wewe uliyeolewa Italia kila ukipiga simu una la kulalamika? Na wewe, bint wa kaka yangu, ndiye uliyeniudhi zaidi, maana najua kwa nini wauliza. Kuna Mtaliano amefika kwenu Barani, hapo Malindi, amekula pilau, amempa bibi mkono kwa heshima, na sasa wataka filamu ikutolee ushahidi kwamba yatakuwa mema.

Kwa ambao hawajaiona: ni komedi ya mwaka 2014 ya Philippe de Chauveron. Bwana Verneuil na mkewe, Wakatoliki wa mji wa Chinon, wana mabinti wanne. Watatu wameolewa na Mwarabu Muislamu, Myahudi na Mchina, na wazazi waomba dua huyu wa mwisho alete Mkatoliki. Aleta Mkatoliki kweli, Charles Koffi, ila ni mtu mweusi wa Ivory Coast. Basi ni vurugu pande zote mbili, na baba yake Charles ni mgumu kuliko yule Mfaransa, hadi wazee hao wawili waende kuvua samaki, walewe pamoja, na harusi ifungwe. Watu zaidi ya milioni 12 waliiona katika sinema za Ufaransa. Na huku Italia ilikuja, nami niliiona na mume wangu na mawifi zangu.

Nilicheka. Nakwambieni wazi, nilicheka, na yule mama anayepika mabata mzinga watatu siku ya Krismasi, mmoja halali, mmoja wa Kiyahudi, mmoja wa Kichina, ili asikwazike mtu, nampenda mpaka leo. Mama mkwe wangu hunipikia samaki kando, kwenye sufuria ambayo haijaona nguruwe, na hakuna aliyemfundisha. Mkinisema huko nyumbani, lisemeni na hilo.

Lakini tazameni wale wakwe ni kina nani. Rachid, yule Mwarabu, ni wakili. Chao, yule Mchina, ni mtu wa benki. David, yule Myahudi, ni mfanyabiashara, Charles ni mwigizaji. Siku ya Krismasi wale watatu wa kwanza wasimama mbele ya baba mkwe na kuuimba wimbo wa taifa wa Ufaransa, kwa sababu Ufaransa ni kwao na hawamuombi yeye ruhusa ya kukaa. Mzee akitoa neno la kashfa, jibu lamrudia palepale, la moto kuliko lake. Ndiyo maana yachekesha! Kila mtu ana ulimi, kila mtu ana mlango wa kutokea.

Mimi nilipoingia nyumba hii sikuwa na mlango huo. Sheria ya Italia namba 91 ya mwaka 1992 yasema mke wa Mtaliano ataomba uraia akishaishi hapa miaka 2 baada ya ndoa, au nusu yake wakiwa na mtoto. Tangu 2018 lazima uwe na cheti cha lugha ya Kitaliano cha ngazi ya B1, yaani ya kati, na ada ya ombi ni euro 250. Ukishaomba, faili laweza kukaa hadi miezi 36. Na katika muda wote huo, mkitengana kisheria kabla amri ya kukupa uraia haijatoka, haki yako ya uraia kwa ndoa imekwisha. Sasa mwanamke aliye ndani ya muda huo, shemeji akimtolea neno mezani Jumapili, atamjibu nini? Atacheka. Atacheka na sahani mkononi, kisha aulize nani aongezwe.

Mume wangu hajawahi kunitisha kwa karatasi, hata siku moja. Ni mtu mwema na naapa kwa hilo. Lakini hakuna haja ya kutishwa. Wajua tu kwamba amani ya nyumba ndiyo kibali chako, na mtu akijua hivyo, kicheko chake si chake.

Na neno lenyewe ni lipi? Hili ndilo filamu haikunionyesha, na ndilo nataka ulisikie vizuri, mwanangu. Ukiwa umeketi na Wataliano, wakikuuliza watoka wapi, ukisema Kenya, sawa. Ukisema Malindi, uso wabadilika. Wanaume watabasamu. Mmoja humgonga mume wangu begani kana kwamba amerudi na ngawira. Wengi wao wamefika kwetu, au ndugu yao amefika, na Malindi waijuayo ni ya usiku: mzee wa makamo na kijana wa kike mezani. Mwanamume mmoja, rafiki wa familia, aliniuliza mbele ya watoto kama nilikuwa nafanya kazi disko gani. Mimi nilisomea hoteli. Nilikuwa mapokezi, barabara ya Casuarina, sare imepigwa pasi, nikiwaandikia wageni vyumba kwa lugha tatu. Mume wangu alinikuta nyuma ya meza ile na akanifuata mpaka kwa baba kwa barua ya posa, na wazee wakakaa kitako. Lakini ukishaulizwa disko gani, hayo yote wayaeleza kama mshtakiwa. Na ukikataa kueleza, waonekana una la kuficha.

Malindi iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498, mji uliopeleka twiga hadi China kabla yake, mji wenye misikiti na wanazuoni, imekuwa hicho tu. Na wasichana wale wa disko pia ni watoto wa watu. Sitaki kujitakasa kwa kuwakanyaga. Chaniuma kwamba nalazimishwa kuchagua: ama niwakane, ama nihesabiwe nao.

Kwa hivyo usije. Baki, una kazi, una mama.

Au njoo, lakini usije ukiwa huna chako. Jifunze Kitaliano cha kuandika, si kile cha ufukweni cha kuuza vinyago. Soma hadi ufaulu B1 ukiwa huko huko, uje na vyeti vyako vya shule vimetafsiriwa na kuhalalishwa, uwe na akaunti yako na akiba ambayo hata mimi sijui ni kiasi gani. Shemeji akikutania, mjibu. Mjibu siku ya kwanza kabisa, kwa upole, mbele ya watu. Hapana, siku ya kwanza nyamaza umsome kwanza, maana wengine hutania kwa mapenzi na ukiwakata watakaa mbali nawe miaka. Wifi yangu mkubwa ana ulimi mchungu kuliko wote, na ndiye aliyekesha nami hospitali nilipojifungua. Nikuambieje basi?

Na nyinyi wengine msijifanye mwamcheka Verneuil peke yake. Yule mzee Koffi, baba yake Charles, aliyechezwa na Pascal N'Zonzi, twamjua, yuko kwetu. Binamu yetu alipoposwa na mwalimu Mgiriama, kabila la jirani zetu, Muislamu, mwenye adabu zake, nani aliyekaa barazani akiuliza ukoo wake waanzia wapi? Na huyu Mtaliano wa mwanangu, mmekwisha mtajia mahari mara tatu ya ile mliyomtajia kijana wa Shela mwaka jana. Kwa nini? Kwa sababu ni mzungu, na mzungu ni pesa. Mwenzenu ni fundi wa mabomba huku, ana mkopo wa nyumba na gari la kazi. Mkimpima kwa rangi, msimlaumu rafiki yake akimpima binti yetu kwa jina la mji. Shusheni mahari. Ikiwa ni heshima mwataka, heshima haipandi kwa kuwa bwana ni mweupe.

Mwanangu, mimi simkatai. Sauti yake niliisikia kwenye simu na haikunipa shaka. Filamu yako nzuri, itazame tena ukitaka, lakini usiolewe kwa ajili yake.

Ukiamua, nitumie nakala ya cheti cha kuzaliwa wiki hii, nikague jina herufi kwa herufi na pasipoti, maana herufi moja ikipishana utarudishwa mwanzo. Cheti cha tabia njema cha polisi usikichukue sasa. Huku chafa baada ya miezi 6. Na yeye mwambie anipigie, mimi shangazi yako, kabla hajampigia kaka yangu. Nina swali moja tu kwake, nawe uwe kwenye simu usikie jibu: marafiki zake wakisikia mchumba ni wa Malindi na wakatabasamu, yeye huwaambia nini?