Barua kwa mwanangu aliye Marseille, kuhusu Diam's

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika, na swali lako nimelielewa vizuri: je, Diam's, yule rapa wa kike wa Ufaransa, aliwasaliti wasichana waliomtegemea alipoacha muziki? Unasema wenzako kazini wamebishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Mmoja anasema alikuwa sauti ya mabinti wa vitongoji na akawaacha bila msemaji. Mwingine anasema alijiokoa nafsi yake na hana deni la mtu. Wewe, kwa vile umelelewa na mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa akiziimba nyimbo hizo jikoni, wanataka uamue.

Mimi nina swali jingine linalonikera zaidi. Aliyenyamaza, sisi tuliobaki tuna haki gani ya kumdai? Msimamo wangu unaujua tangu ukiwa mdogo: mtu akisema basi, ni basi.

Unaikumbuka ile CD yake ya Dans ma bulle, iliyokaa kwetu mpaka jalada likapasuka? Albamu hiyo ilitoka 2006, na mwaka ule hakuna albamu iliyouzwa Ufaransa kuishinda. Nilikuwa nayo Kidato cha Tatu saa nane mchana, joto la Mombasa unalijua, wasichana wamelalia madaftari. Wiki nzima nilikuwa nikihangaika kuwafundisha kueleza sifa za mtu. Nikawawekea ule wimbo wa msichana anayejitangaza kutafuta mchumba. Ubeti wa pili haujafika, vichwa vyote vimeinuka. Siku ile kila mmoja aliandika tangazo lake: anamtaka mrefu, mpole, mcheshi, anayejua kupika biriani, na vivumishi vyote vikakaa mahali pake. Miaka yote niliyofundisha sikupata kipindi kitamu kama kile. Kwa hiyo usidhani nazungumza kama mtu asiyejua Ufaransa ilipoteza nini.

Lakini wenzako wanazungumzia sauti tu. Waulize kuhusu mwili uliokuwa ukiibeba. Diam's, jina lake halisi Mélanie Georgiades, alizaliwa Nicosia, Saiprasi, 1980, baba Msaiprasi na mama Mfaransa, akalelewa na mama peke yake vitongoji vya Essonne, kusini ya Paris. Ujana wake ulikuwa wa huzuni nzito, na hilo alilisema mwenyewe, hakusingiziwa. Alipofika kileleni, watu wakijaza kumbi kumshangilia, yeye alikuwa akiingia na kutoka hospitali, akila dawa asizoona faida yake. Halafu siku moja rafiki yake akasema anakwenda kuswali, naye akasema ataswali pamoja naye. Baadaye akaisoma Qur'ani akiwa kisiwani Morisi. Hapo ndipo alipopata utulivu ambao tuzo zote zile hazikumpa.

Mwaka 2009 jarida likachapisha picha zake akiwa amejitanda, na Ufaransa ikatikisika. Nakumbuka nilipowasimulia wasichana wangu. Nusu ya darasa walikuwa na mitandio kichwani, na wanaotoka Majengo na Mji wa Kale wangevaa mabuibui kengele ikilia. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kosa lake ni lipi hasa?" Ikabidi niwaeleze sheria ya 2004 inayokataza wanafunzi wa shule za serikali za Ufaransa kuvaa alama za dini zinazojitokeza, na namna kitambaa kimoja kinavyoweza kuwa hoja ya taifa zima. Wakanitazama tu. Albamu yake ya mwisho, S.O.S., ilitoka Novemba mwaka huohuo na ikashika nafasi ya kwanza. Maana yake watu walikuwa bado wanamtaka. Mwaka 2012 akatoa kitabu cha maisha yake, akazungumza kwenye televisheni, akasema muziki basi. Alikuwa na miaka 32.

Sasa wewe nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Mama yako mkubwa unamjua kama mwanamke wa tasbihi na wa kutunga vikuba barazani. Zamani zake unazisikia kwa watu. Dada alikuwa akiimba taarab kwenye harusi za wanawake, Kuze mpaka Kisauni, na akishika maikrofoni kina mama walikuwa wakisimama na noti kabla hajamaliza kiitikio. Akaenda Hija. Aliporudi akasema haimbi tena, na hakuna aliyeamini. Harusi yangu ikafuata baada ya hapo.

Siku ya kupamba, nimekaa jukwaani, shingo imeniuma kwa uzito wa dhahabu za kuazima, ukumbi umejaa udi na asumini. Kina mama wakaanza kumwita kwa jina. Mmoja akampelekea maikrofoni mpaka kwenye kiti chake. Mwingine alikuwa ameshakunja noti vidoleni, tayari kumtunza. Dada akaipokea, akailaza mapajani, ikatoa ule mlio wa kutoboa masikio. Akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akaizima, akairudisha. Mimi nikamtazama kule juu nilikokuwa. Naye akanitazama, akatikisa kichwa mara moja.

Nilitaka wimbo mmoja. Mabinti wa mtaa mzima aliwaimbia, hata asiowajua majina, kwa malipo. Mimi aliyenibeba mgongoni nikakosa. Ubwabwa ukaletwa, watu wakala, wakasahau. Mimi sikusahau, na mpaka leo nikialikwa kupamba, mwimbaji akianza kumtaja bibi harusi, kifua hunibana.

Kwa hiyo nikisema mtu akisema basi ni basi, usidhani nasema kwa wepesi. Dada alikuwa amemuahidi Mungu wake, na ahadi ile ilikuwa kubwa kuliko harusi yangu. Hilo nalikubali. Lakini nikishalikubali, naona kuna kitu hakijakaa sawa. Kipaji si cha mtu peke yake. Kina mama wale walimlea kwa noti zao na vigelegele vyao, wakamkosoa, wakamkumbusha mashairi akiyasahau. Na wasichana wa Ufaransa walionunua CD kwa pesa za vibarua, wakabandika picha yake ukutani, je, wao hawana fungu lolote? Wanalo. Fungu lao ni lipi ndilo nisilolijua. Haliwezi kuwa koo la mwanadamu mwingine.

Angalau Diam's alieleza. Aliandika kitabu kizima, na mwaka 2022 akatoa filamu ya Salam, aliyoiongoza pamoja na wanawake wengine wawili, ikaonyeshwa Cannes naye mwenyewe asiende. Alikaa chini akawaambia watu wake: nilikuwa naumwa, nimepona, siwarudii. Dada hakunieleza chochote, nami sikuuliza, na sasa tumezeeka sote tunakaa baraza moja. Nikipima, naona msanii anayeacha akaeleza amelipa anachodaiwa. Halafu najiuliza tena: na asiyeweza kueleza je? Pengine dada angefungua kinywa kunieleza, wimbo ungemtoka. Sijui, mwanangu. Siku nyingine namhukumu asubuhi na kumwachilia jioni.

Na kama kuna mwenzako atakayesema urithi wa Diam's ni mfupi, mwambie aangalie waliojaribu kuondoka. Jay-Z, rapa wa Marekani, alitangaza kustaafu 2003, 2006 akarudi na albamu mpya, na hakuna aliyemlaumu. Lauryn Hill, mwimbaji na rapa wa hukohuko Marekani, alitoa albamu moja ya studio peke yake mwaka 1998, ikachukua tuzo kubwa kabisa za Grammy, na tangu hapo watu wanasubiri ya pili kama kwamba ya kwanza haikutosha. Mwanamke akinyamaza huulizwa zaidi, nami hilo linaniudhi. Diam's aliacha nyimbo zinazofahamika mpaka kwenye madarasa yetu ya pwani. Mwimbaji anayeimba miaka arobaini anaweza asifike hapo.

Unataka niseme aliwasaliti au hakuwasaliti. Ulimi unaniwasha, nakuambia, na kama ningekuwa na wewe hapa huenda ningelitamka. Lakini nikimhukumu yeye nitakuwa nimemhukumu na dada, kwa upande wowote nitakaoegemea, na kesi ya dada siifungi kwa barua.

Waambie wenzako waitazame Salam kwanza, kisha waendelee kubishana. Nawe utazame vizuri uso wake anapozungumza, hasa akizitaja zile siku za majukwaa, halafu uniandikie: anaonekana mtu aliyepumzika, au anayejikaza? Hilo ndilo ninalotaka kulijua, na huku Mombasa filamu yenyewe sijaipata.

Wasalaam,
Mama yako