Noah kupanda sailensa yenyewe: kabla hujanunua sensa, fungua rejeta

Mkuu, umesema sailensa ya Noah yako SR40 (yaani mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama) siku nyingine inapanda hadi 1500 kwa dakika, siku nyingine imetulia tu, na fundi anataka ubadilishe "sensa zote". Usitoe hela bado. Ugonjwa huo nimeishi nao karibu miezi mitano kwenye Noah ya familia, injini ya 3S, na hela niliyoiacha kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, naikumbuka mpaka leo.

Yangu asubuhi haikuwa na neno. Natoka Mbezi, nashusha watoto shule, nafika kazini, mshale uko 700. Vituko vilikuwa jioni, nikipanda Kimara kwenye foleni: nasimama, injini inanguruma kama kuna mtu kakanyaga mafuta. Mke wangu ananiuliza, "Baba Neema, unashindana na nani?"

Fundi wa kwanza alisafisha throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Siku mbili safi, ya tatu imerudi. Wa pili akasema ni mota ya sailensa, ile inayoipimia injini hewa gari ikisimama. Nikanunua ya mtumba, ikafungwa, ikawa vilevile. Wa tatu ndiye aliyeniudhi: alichukua bisibisi, akakaza skrubu ya sailensa mpaka mngurumo ukashuka, akadai chake akaondoka. Kesho yake, AC imewaka, Mwenge nzima gari inanizimikia kila nikisimama. Alimziba mgonjwa mdomo asikohoe, basi.

Kilichonitoa ni daftari. Kila ikipanda naandika: AC imewaka au la, nakata kona au nimenyoosha, mlima au tambarare, nimetembea muda gani. Baada ya wiki mbili ikajionyesha: AC haihusiki, usukani hauhusiki, karibu mara zote injini ni ya moto na pua ya gari iko juu. Asubuhi moja injini ikiwa ya baridi (ya moto usithubutu, itakubabua uso) nikafungua mfuniko wa rejeta. Maji siyaoni. Na chupa ya maji ya akiba ya rejeta imejaa! Wengi tunadanganyikia hapo. Penye tundu, rejeta ikipoa inavuta hewa kupitia kwenye tundu, maji ya chupa yanabaki palepale.

Sasa sikiliza uhusiano wake na sailensa. Kompyuta ya injini ina sensa yake ya joto la maji, ya waya mbili. Mshale wa joto kwenye dashibodi una yake nyingine, ya waya mmoja, kwa hiyo mshale unaweza kukaa vizuri huku kompyuta inadanganywa. Maji yakipungua, kiputo cha hewa kikikaa kwenye ile ya waya mbili, inasoma ubaridi. Kompyuta inadhani injini ndiyo kwanza imeamka, inaongeza hewa na mafuta. Ukifika tambarare maji yanarudi mahali pake, sailensa inashuka, na ukifika kwa fundi gari ni nzima kabisa.

Maji yalikuwa yanakwenda wapi? Noah nyingi zina hita ya nyuma, na mabomba yake ya chuma, yanayopitisha maji ya moto ya injini, yamepita chini ya bodi. Dar hii nani anawasha hita? Hakuna anayeyakumbuka. Yangu yalikuwa yameliwa na kutu, yanadondosha yakipata moto na presha tu, yaani barabarani. Nyumbani sikuwahi kuona hata tone. Lawama nyingine ni yangu, miaka yote nilikuwa najazia maji ya kisima. Fundi aliyakata, akaunganisha mipira kwa mbele, hita ya nyuma ikastaafu. Tukajaza kulanti (maji maalumu ya rejeta) gari ikiwa imeelekea mlimani, injini inaunguruma, hita ya mbele imefunguliwa mpaka mwisho ili hewa yote itoke.

Ukikuta rejeta yako imejaa pomoni, pima hiyo sensa ya waya mbili kwa mita: kwenye nyuzi 20 iwe kati ya ohmu 2000 na 3000, kwenye nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 200 na 400. Nayo ikiwa nzima, tafuta mpira wa hewa uliopasuka, na hakikisha waya wa eksileta una ulegevu kidogo. Sailensa ikipanda ukikata usukani tu, angalia vijimpira viwili vya hewa kwenye pampu ya pawa ya usukani.

Na kama fundi wako ameshaigusa skrubu ya sailensa, airudishe ilipokuwa kwanza, la sivyo kila utakachopima kitakudanganya.