Wasomaji Wanauliza: Kumhudumia Nyumbani Aliyeumia Uti wa Mgongo

Swali: Nimeajiriwa kumhudumia kaka aliyepooza kuanzia kiunoni kwenda chini baada ya ajali ya bodaboda. Namgeuza mara tatu usiku na shuka ni safi, lakini juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapochomoza, pametokea alama nyeusi. Napasugua kwa mafuta na kumkalisha kwenye tyubu ya gari. Nakosea wapi? (Dada wa Morogoro)

Jibu: Dada, acha kusugua leo hii, na tyubu iondoe. Kidonda cha kulalia hakiletwi na uchafu. Uzito wa mwili huibana nyama kati ya mfupa na godoro mpaka damu isipite, na nyama huanza kufa ndani kabla ngozi haijachanika. Ukisugua unazidi kuiumiza. Tyubu nayo hubana duara zima, hivyo pale katikati ulipotaka papone ndipo damu inaposhindwa kufika.

Mara tatu kwa usiku mzima ni chache. Aliye kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili: saa 4 ubavu wa kushoto, saa 6 wa kulia, saa 8 kushoto tena. Bandika karatasi ukutani uweke alama kila unapomgeuza. Chali asilale kabisa hadi alama hiyo iishe. Usimlaze ubavu moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga. Mwegemeze nyuzi 30 hivi, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Mto mwingine uwe kati ya magoti, na mmoja chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Pitisha kiganja chini ya kisigino. Kikipita bila kugusa, umeweka vizuri.

Usimburute kumpandisha juu ya kitanda. Tandika kitenge kilichokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, kitenge kishikwe na watu wawili, mmnyanyue kwa pamoja. Buruta moja tu huchubua ngozi.

Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kila dakika 15 hadi 30 ainame mbele, kifua kielekee mapajani, kwa dakika mbili. Mikono yake ni mizima, basi afanye mwenyewe; kengele ya simu imkumbushe, wewe uwe karibu asianguke. Angalia nguo pia: mshono mnene wa jinzi, kifungo cha mfuko wa nyuma, hata sarafu iliyosahaulika. Yeye hasikii vinavyomchoma.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu, na kwa ngozi yetu nyeusi ushauri huo umewaponza wengi. Linganisha na ngozi ya jirani: je, pamekuwa peusi zaidi au pa zambarau? Gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto, pamekakamaa, au panabonyea? Kagua asubuhi na jioni, kwenye mwanga wa dirisha. Hiyo alama mwonyeshe nesi wiki hii. Ikitoa maji au harufu, au akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Ninayemhudumia aliumia shingo. Mara kichwa kinamgonga ghafla, jasho linamtoka usoni. Nampa dawa ya maumivu na kumlaza. Ni sawa? (Kaka wa Tanga)

Jibu: Hapana kaka, usimlaze. Kwa aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, hiyo ni dalili ya presha kupanda ghafla kwa sababu ya kero chini ya jeraha ambayo yeye haihisi. Inaweza kuleta kiharusi. Mkalishe wima, miguu ishuke, legeza mkanda na viatu. Kisha fuata mpira wa mkojo kwa kidole kutoka mwilini hadi kwenye mfuko: mara nyingi umejikunja, au ameukalia, au mfuko umejaa. Kama hakuna, fikiria choo kilichokwama, halafu ukucha ulioingia nyamani au kidonda. Choo mwachie nesi. Kukichokonoa bila dawa ya ganzi hupandisha presha zaidi.

Pima presha kila dakika tano. Namba ya juu ya presha yake kwa kawaida huenda ni 90 hadi 110, kwa hiyo 140 inayompita mtu mwingine salama, kwake ni hatari. Isiposhuka, hospitali mara moja, naye akiwa ameketi njia nzima.

Swali: Nalala kwa ninayemhudumia na kuamka kila saa mbili, siku saba. Ni halali? (Dada wa Dar es Salaam)

Jibu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa Tanzania Bara, inaweka saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, siku sita, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na likizo ni siku 28 kwa mwaka. Kumgeuza mtu saa 8 usiku ni kazi, na mwajiri anatakiwa kukuandikia masharti ya ajira. Omba mtu wa pili wa zamu ya usiku. Ratiba hiyo ipangwe na yeye mwenyewe unayemhudumia, si ndugu zake tu: ndiye anayejua nani humgeuza vizuri, na saa ngapi angependa kuogeshwa.